Mipapai nimepanda mimi, uwanja ni wa mama mwenye nyumba: nisaini, nihame au nikate?

BARUA

Shikamoo dada. Naomba jina langu usiliweke na mtaa usiutaje, sema tu Kihonda, Morogoro, maana huku watu tunajuana.

Mi ni mama wa watoto wawili, mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Tumepanga vyumba viwili na sebule banda la uani, mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mjane, anakaa nyumba kubwa ya mbele. Tulihamia hapa mkubwa wangu hajaanza hata chekechea na sasa yuko la tatu. Wote tunamwita Bibi, mpaka mume wangu. Nilipojifungua huyu wa pili mama yangu alikuwa mgonjwa kijijini akashindwa kuja, Bibi ndo alinikanda maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, siku zingine alikuwa anatandika mkeka chumbani kwangu analala chini ili mtoto akilia ambebe mimi nipumzike. Nasema haya mapema usije ukafikiri nina chuki naye.

Sasa nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande kimekaa tu, majani, mabati chakavu, watu wanatupa maganda. Nikamuomba nipande mipapai. Akaniambia panda mwanangu, eneo likikaa bure linaleta nyoka. Ndo hivyo tu, hatukuandikishana, nani ataandika mkataba wa mapapai jamani.

Nikanunua papai moja tamu sana soko la Mawenzi, mbegu nikazisugua kwenye majivu ule utelezi ukatoka, nikaanika kivulini, nikaotesha kwenye vifuko vya maziwa. Mashimo nilichimba mwenyewe futi mbili kwenda chini na ile ardhi ya huku wakati wa kiangazi unaijua, sururu inaruka. Samadi nikachota kwenye banda la mbuzi la Bibi. Kila shimo niliweka miche mitatu maana nilishaambiwa huwezi kujua dume na jike mpaka utoe maua, na kweli ilipotoa maua yakajulikana, madume maua yake yananing'inia kwenye vikonyo virefu, majike ua limekaa limegandana na shina. Majirani wakasema fyeka madume yote hayana kazi. Nikafyeka, nimefika kwenye la mwisho pale kona Bibi akatoka na kanga yake begani akasema hilo liache. Nikaliacha. Sasa hivi ipo 14 inayozaa na hilo dume moja.

Maji ya bomba kwetu ni ya mgao, mi nilikuwa nakusanya maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia nguo nabeba ndoo jioni, kiangazi chote, mtoto mgongoni. Mume wangu alikuwa ananicheka. Yalipoanza kuzaa hakucheka tena. Kwa wiki nauza kama mapapai 12 hivi, mengine kwa mama wa juisi, mengine genge la barabarani, kubwa 1,500, madogo 800. Sio hela ya kujengea lakini inalipa ada ya chekechea na vikoba, na ni hela ambayo simuombi mtu.

Mwanzo Bibi alikuwa anachuma moja moja anakula, sawa kabisa, na mimi nilikuwa nampelekea mwenyewe lililoiva vizuri. Alafu akaanza tabia ya kupita asubuhi anafinya mapapai kwa kucha aone kama yako tayari. Dada, papai ukilichoma na kucha likiwa bichi linatoa utomvu ule mweupe, unateremka mpaka chini unaganda, kesho yake pale pana kovu jeusi. Mama wa juisi anapokea kwa bei ya chini, genge hawataki kabisa wanasema limeshaanza kuoza. Wiki nyingine nakuta sita yana makovu. Nikawa naumia kimoyomoyo. Baadaye nikasikia kwa jirani kwamba nikiwa sipo anawauzia na wapita njia.

Mwezi uliopita mtoto wake wa kiume kaja kutoka Dar, kakaa siku chache, kaondoka, alafu akatuma mkataba mpya kwa WhatsApp. Kodi kutoka 120,000 kwenda 170,000 kwa mwezi, tulipe miezi sita kwa mkupuo kama kawaida. Na kuna kipengele kinasema mimea yote iliyomo ndani ya kiwanja ni mali ya mwenye nyumba na mpangaji haruhusiwi kuvuna wala kuondoa bila kibali. Nilishikwa na baridi. Kodi yetu inaisha mwisho wa mwezi wa pili.

Kibaya zaidi kuna mpapai mmoja karibu na maboga ya Bibi umeanza kuumwa, majani ya juu yamekuwa na mabaka ya njano, yamekunjamana yamekuwa membamba ajabu, na matunda yake yana viduara viduara kwenye ganda. Nilitaka kuung'oa, yule kijana akanijibu kwenye meseji "usiguse mali mpaka tusaini".

Mume wangu anasema tuhamie kwetu. Tuna nyumba Mkundi, bati lipo juu, ila haijapigwa plasta, sakafu ni vumbi, madirisha tutaweka turubai, umeme bado. Na anasema siku ya kuondoka anapitisha panga yote 14, hawezi kumwachia mtu jasho la mke wake. Shemeji yangu yeye ndo kaleta balaa zaidi, anasema wala msikate, mwageni dizeli kwenye mizizi usiku ikauke yenyewe.

Mimi sitaki kukata. Siwezi pia kusaini nikawa naangalia papai langu naomba kibali. Na nikihama naona naacha kitu ambacho nimekilea kama mtoto. Usiku nahesabu mapapai kichwani silali. Dada zangu wananicheka wanasema unaumwa na mapapai wewe. Nishauri.

Mama wa mipapai, Morogoro


JIBU

Marahaba mdogo wangu. Kwanza wanaokucheka waache, wao hawakubeba hizo ndoo.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na nilivyokuelewa ni hivi, uniambie kama nimekosea. Kuna mama alikupa eneo kwa mdomo, ukalifanyia kazi, sasa limeanza kuonyesha hela na umiliki umeanza kuwa na maneno. Kuna kijana wake amekuja na karatasi. Kuna mume ana hasira na ana nyumba ambayo haijaisha. Na katikati uko wewe, unapenda mipapai yako, na unampenda pia huyo Bibi ila hilo sasa hivi unaogopa kulisema kwa sauti maana mume wako ataona umekuwa upande wa pili. Yote umeyafunga kwenye furushi moja ukaliita mipapai, ndo maana halibebeki. Tulifungue.

Nianze na lile ambalo halisubiri, huo mpapai mgonjwa. Majani ya mabaka, membamba, yamekunjamana, na viduara kwenye tunda, hizo ni dalili zinazofanana sana na ugonjwa wa virusi wa mipapai. Huo hauna dawa, ukipuliza unapoteza hela. Unasambazwa na vidukari, vile vidudu vidogo vinavyofyonza majani, vinatoka mti mmoja vinaenda mwingine, na jamii ya maboga na matango nayo inaweza kuubeba, kwa hiyo hayo maboga ya Bibi pembeni yake yaangalie vizuri. Mti ukishaumwa unang'olewa na mizizi unachomwa au kufukiwa mbali. Mkiwa mnavutana kuhusu mali, mali yenyewe itakwisha hapo hapo. Mimi ningempigia huyo kijana simu, sio meseji, simu, nimwambie kaka huu ni mgonjwa, picha hizi hapa nakutumia, kama sio leo basi mtume mtu aung'oe mwenyewe. Na Morogoro mna bahati, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo hapo hapo na afisa ugani wa kata yupo, peleka picha au jani kwenye mfuko uliofungwa wakuambie ni nini. Afisa ugani akisema ung'olewe hakuna atakayedai umeharibu kwa makusudi, na vilevile inakuwa mara ya kwanza wewe na yule kijana mnaongea jambo ambalo wote mnataka liishe vizuri.

Sasa Bibi. Mumeo anasema jasho la mke wangu, na ni kweli, kuchimba futi mbili kwenye ule udongo kiangazi sio mchezo. Ila rudia kusoma barua yako mwenyewe taratibu. Samadi ilitoka banda la nani? Na lile dume la kona aliyelizuia lisikatwe ni nani? Mpapai jike hauzai vizuri bila chavua ya dume au ya mpapai wenye jinsia zote mbili, na wakulima huwa wanaacha dume moja kwa majike kumi na kuendelea. Ungemsikiliza jirani ukafyeka yote, huenda sehemu ya hiyo 14 leo ingekuwa inadondosha maua tu na wewe unajiuliza umelogwa na nani. Sisemi kwamba kwa hilo mapapai ni yake. Nasema inawezekana kichwani mwa Bibi hii bustani ni yenu wawili, mwenye ardhi na mwenye mikono, na hajui kabisa kwamba wewe unaiona ni yako peke yako. Je umewahi kumwambia? Kwenye barua yote sijaona mahali umekaa naye ukamwambia Bibi hizi kucha zinaniharibia biashara. Umeumia kimoyomoyo, umesikia kwa jirani, umepokea WhatsApp kutoka Dar. Mtu aliyelala chini kwenye mkeka chumbani kwako mnawasiliana naye kupitia watu wengine.

Na hizo kucha zenyewe, hebu fikiria. Wazee wengi walizoea kupima papai hivyo, unachoma, utomvu ukiwa mzito mweupe bado, ukiwa wa majimaji linakaribia. Kwa papai la kula nyumbani haina neno. Kwa papai la kuuza ni hasara, kovu linakuwa mlango wa kuoza. Inawezekana anakukomoa. Inawezekana pia anafanya alichofanya maisha yake yote na hakuna aliyemuonyesha ule mstari wa njano unaoanza kule kitakoni kwa tunda, ambao ukishaonekana unajua siku chache tu linachumwa, huna haja ya kuligusa. Sijui ni lipi kati ya hayo, wewe ndo unakaa naye. Ila kabla hujamhukumu mchukue mkono siku moja mpite wote bustanini, umuonyeshe, umwambie na bei anayokupa mama wa juisi kwa lenye kovu. Jibu lake litakuambia mengi kuliko mimi.

Kuhusu kuuza ukiwa haupo, hilo linauma na una haki kuumia. Lakini swali lingine ambalo pengine ni gumu kidogo, Bibi anaishi kwa nini? Mjane, kodi yenu na mbuzi wachache. Je hiyo kodi inafika mkononi mwake au inaenda kwenye namba ya simu ya mtoto? Kama inaenda Dar, basi papai la 1,000 analomuuzia mpita njia linaweza kuwa ndo hela yake pekee ambayo na yeye haombi mtu. Umelitumia wewe hilo neno, hela nisiyomuomba mtu. Sikuambii umwonee huruma mpaka ulale njaa, nakuambia tu hujui bado.

Kijana naye. Umemuona kama mnyang'anyi na huenda ndivyo, kupandisha kodi elfu 50 kwa mpigo sio utani. Ila kuna kitu wenye viwanja wengi wanaogopa nacho ni hiki: mpangaji wa muda mrefu anayepanda miti. Kwetu mti ni alama. Pwani na Zanzibar mpaka leo unakuta mnazi au mkarafuu ni wa mtu huyu na ardhi ni ya mtu mwingine kabisa, na kesi zake zinarithiwa na wajukuu. Kijana anakaa Dar, mama mzee yuko peke yake, anakuja anakuta safu mbili za miti ambazo hakuziagiza zimepandwa na mtu aliyekaa miaka, ameshtuka. Pengine kile kipengele hakikuandikwa kwa ajili ya mapapai, kimeandikwa kwa ajili ya kiwanja. Kama ndo hivyo basi mnaweza kukutana katikati kirahisi kuliko unavyofikiri, maana wewe kiwanja hukitaki. Mwambie hivyo, kwa maandishi ukitaka: mimi sidai ardhi, mipapai ni ya muda, nadai kuvuna tu.

Hilo la muda nalo ulibebe vizuri, maana naona unaongelea mipapai kama miembe. Mpapai unazaa vizuri sana miaka miwili mitatu ya mwanzo, baada ya hapo unarefuka, matunda yanapungua na yanakuwa madogo, unahitaji ngazi, upepo ukija unalala. Wakulima wa biashara huwa wanaipumzisha na kupanda mingine. Yako ina mwaka na zaidi kidogo inazaa kwa ninavyohesabu. Kwa hiyo hutoacha urithi, utaacha mwaka mmoja au miwili ya mavuno mazuri. Bado ni hela, ila ni hela unayoweza kuipigia hesabu.

Na tuipige basi. Mapapai 12 kwa wiki, kubwa na ndogo zikichanganywa, ni kama elfu 14 au 15 kwa wiki, tuseme karibu elfu 60 kwa mwezi yakiwa yanaenda vizuri. Kodi imepanda elfu 50. Umeona sasa? Hata wakikuachia uvune yote bila kovu hata moja, ukibaki kwa ajili ya mapapai unabakiwa na kama elfu 10 ya faida juu ya ulivyokuwa ungelipa zamani bila mapapai. Ukisaini na kile kipengele kikabaki kama kilivyo, unalipa zaidi na huvuni. Kwa hiyo swali la kubaki au kuhama usiliache mikononi mwa mipapai, haina uzito huo. Angalia shule ya mkubwa iko umbali gani na Mkundi, bajaji kwa siku bei gani, mume kazi zake ziko wapi, mdogo kifua chake kinahimili vumbi la sakafu isiyosakafiwa na turubai dirishani masika ikianza mwezi wa tatu? Ile laki tatu ya tofauti ya kodi kwa miezi sita, ikiongezwa na kodi yenyewe ambayo hamtolipa, inaweza kuweka madirisha na sakafu ya chumba kimoja? Fundi wa mageti nyumbani mnaye tayari, grili mnajitengenezea. Wengine wanahamia chumba kimoja kilichokamilika wanaendelea taratibu na maisha yanasonga, wengine wamehamia mapema mno watoto wakaumwa na hela yote ikaishia zahanati. Hiyo hesabu kaeni na mumeo muifanye kwa karatasi.

Tukija kwenye njia zenyewe. Kama mnabaki, mkataba sio msahafu, mnaruhusiwa kuurudisha. Unaweza kuomba kile kipengele kiandikwe upya, kwa mfano mpangaji atavuna mipapai aliyopanda kwa muda wote wa upangaji, mwenye nyumba atapata sehemu fulani kila wiki, mpangaji hatadai fidia ya miti akiondoka, na hatapanda mti mwingine bila kuuliza. Hatari yake ni kwamba ukishaandika sehemu ya Bibi, ile ya kumpelekea kwa hiari lililoiva vizuri inageuka deni, na kuna raha fulani itapotea hapo. Hatari nyingine kijana anaweza kukataa akasema hameni, kwa hiyo usianze mazungumzo hayo kabla hujajua mkikataliwa mnalala wapi.

Kama mnahama, unaweza kuongea na Bibi mgawane mavuno mpaka mwisho wa mwaka, wewe unakuja mara moja kwa wiki kuchuma na kuuza maana wateja unao wewe, yeye anapata nusu. Inapendeza kwenye maneno. Ugumu wake ni maji, nani atabeba ndoo? Mpangaji mpya akija na watoto wake, mapapai atayalinda nani? Inaweza kuwachosha mkaishia kugombana kwa simu juu ya mapapai matatu yaliyopotea. Au unamwambia mama wa juisi achukue kwa bei ya jumla yale yote yaliyoanza njano wiki za mwisho, mengine unaaga. Lakini usidanganyike kuchuma yote mabichi uondoke nayo, papai likichumwa kabla halijaanza kubadilika halitaiva likawa tamu, utauza ya achari na ya kulainishia nyama ya mishkaki tu na soko lake ni dogo.

Na panga la mume wako. Mpapai hauna mbao, ni laini, panga moja umelala chini, safu zote mbili dakika kumi zimeisha, ndo maana hasira zinaupenda. Lakini namuelewa, kumbuka huyu ndo aliyekuwa anakucheka na ndoo zako, nafikiri kuna sehemu anajilipa deni hapo, anataka uone kwamba sasa anathamini. Mwambie umeona. Halafu muangalie wote upande wa pili: makubaliano ya mdomo ni makubaliano, ila kuyathibitisha ndo kazi, na mkikata mkiwa mnatoka, mwenye kiwanja anaweza kwenda kituoni akafungua kesi ya kuharibu mali, na wewe ndo utatakiwa kueleza kwamba Bibi alisema panda mwanangu. Shahidi wako pekee ni Bibi. Dizeli ya shemeji ni mbaya zaidi kwa sababu inabaki kwenye udongo, na pale kuna mbuzi wanakula majani na kuna maboga. Shemeji apewe chai aende.

Kama mazungumzo yatagoma kabisa, kuna balozi na mwenyekiti wa mtaa, na baraza la kata ambalo kwenye mambo ya ardhi siku hizi kazi yake ni kusuluhisha. Ningekaa nayo mwishoni kabisa. Ukishamuita Bibi mbele ya mwenyekiti, hata ukishinda, mtoto wako hatoingia tena nyumba kubwa kuomba kashata.

Nakuuliza jambo moja la kwako binafsi, usinijibu mimi. Ukisema umeilea kama mtoto, ni mipapai unayoogopa kuiacha au ni ile wewe ambaye una kitu chako? Maana miti huwezi kuihamisha, mpapai uliokomaa ukiung'oa umeua. Lakini kujua kusugua mbegu kwenye majivu, kujua dume kwa maua yake, wateja wawili wanaokujua kwa jina, hivyo havijaandikwa kwenye mkataba wa mtu.

Kwa hiyo lolote mtakaloamua, kuna kazi ambayo ningeianza wiki hii hii na haikufungi popote. Angalia mapapai yako, yapo ya duara na yapo marefu. Ya duara yanatoka kwenye majike, ukichukua mbegu zake zilizochavushwa na lile dume, karibu nusu ya miche itakuwa madume utafyeka tena. Marefu yanatoka kwenye mipapai yenye jinsia zote mbili, na mbegu zake zikichavushwa na ua lenyewe hazitoi dume hata moja, theluthi mbili zinakuwa kama mama yao na theluthi majike. Kwa mavuno yajayo funika ua moja moja la mti wa namna hiyo kwa kifuko cha karatasi kabla halijafunguka ili lisipate chavua ya lile dume la kona. Kwa sasa chukua tu papai refu lililoiva vizuri kutoka mti ulio mbali na ule mgonjwa, otesha kwenye vifuko vyako vya maziwa, wiki mbili mpaka nne zinachomoza, wiki sita mpaka nane miche inafaa kwenda shambani na hapo masika itakuwa imeingia. Mkibaki unamuuzia jirani miche. Mkihama, safari hii mbegu na kiwanja vyote vyako.

Na huko Mkundi kabla hujachimba shimo lolote subiri mvua kubwa ya kwanza uende uone maji yanasimama wapi, mizizi ya mpapai ikilala majini siku mbili tatu inaoza, panda upande wa juu au inua tuta, na acha hatua tatu kati ya mti na mti na mbali kidogo na ukuta. Tuandikie Bibi alikujibu nini ulipompeleka bustanini.